Tupeane uzoefu: Kulala hoteli ya airport ukisubiri kuunganisha ndege

Mleta mada

Wakuu, habari za majukumu. Tiketi nyingi za bei nafuu kutoka hapa Dar zina kusubiri kurefu katikati. Unaondoka Terminal 3, unatua Addis, Doha au Dubai, ndege ya pili kesho yake. Waliowahi kulala hoteli njiani waje hapa waseme ilikuwaje, hasa yale ambayo wakala wa tiketi hakwambii.

Naanza mimi, Addis Ababa. Ethiopian wana hoteli yao, Skylight, ipo karibu kabisa na uwanja wa Bole. Ukiwa na tiketi moja, unasubiri kati ya masaa 8 na 24, na hakukuwa na ndege ya mapema zaidi ya kukuunganisha, wao ndio wanagharamia chumba, chakula na basi. Ila usikae kwenye kiti ukingoje kuitwa, nenda kaunta ya wasafiri wanaounganisha ukaulize vocha.

Kilichonichekesha ni saa. Wahabeshi wanahesabu kama sisi, kukipambazuka ndiyo saa inaanza. Dereva akatutangazia basi la kurudi uwanjani ni saa tatu. Mzungu mmoja pembeni yangu akatega alamu ya saa tisa usiku! Nikamwambia mzee lala, basi ni baada ya chai. Hakuniamini mpaka alipoenda kuuliza mapokezi.

Bi Mikoba wa Kariakoo

Mleta mada umegusa kazi yangu. Sisi wa kufuata mzigo Guangzhou hili tunalijua vizuri. Shida kubwa wala siyo hoteli, ni tiketi mbili mbili. Shoga yangu alikata Dar–Dubai shirika moja, Dubai–Guangzhou shirika lingine, akafurahi kaokoa hela. Kufika Dubai begi linazunguka kwenye mkanda upande wa nje, na kulifuata lazima upite uhamiaji. Viza ya Dubai hana. Alihangaika kwenye kaunta usiku kucha akiomba mtu amtolee begi, hoteli aliyolipia akaisikia tu.

Kwa hiyo pale Terminal 3, kabla begi halijaondoka kwenye mkanda, soma ile stika wanayofunga mkononi mwa begi. Zipo herufi tatu kubwa. Ikiandikwa CAN, begi linafika Guangzhou. Ikiandikwa DXB, linaishia Dubai na utalifuata mwenyewe. Usione aibu kumwambia dada wa kaunta akuonyeshe.

La pili, begi likishaenda moja kwa moja, usiku huo hulioni. Nguo ya kubadili, mswaki, chaja na kanga viwe kwenye begi la mkononi. Kanga msiicheke, ni shuka, ni taulo, ni mtandio.

Kijana wa Tabata

Mimi nilimsindikiza mama India kwa matibabu, tukapitia Doha. Mama ana sukari, anatumia insulini, na miguu inavimba akikaa sana. Tulichukua chumba Oryx, hoteli iliyo humo humo ndani ya uwanja. Hupiti uhamiaji, huhitaji viza, unalipia kwa masaa. Bei inauma, siwadanganyi. Lakini bi mkubwa aliingia, akaoga, akaswali, akalala miguu ikiwa juu ya mto, na asubuhi tukasukumwa na kiti cha magurudumu hadi getini. Kwa mgonjwa au mwenye watoto, ya ndani ndiyo hoteli. Ya nje hata iwe bure, kuna foleni ya kutoka na foleni ya kurudi.

Halafu ukirudi kutoka hoteli ya nje unakaguliwa upya. Manukato uliyonunua dutifrii jana yake yakizidi mililita 100 yanaweza kubaki pale. Asali ya Tabora nayo hivyo hivyo, iweke kwenye begi kubwa.

Dereva Kipawa

Niwape upande wa pili, wageni wanaolala kwetu. Nabeba sana Wakomoro wanaounganisha hapa Dar. Wengi wanabuku mtandaoni gesti iliyoandikwa "dakika tano kutoka airport", tukienda ipo ndani kabisa Gongo la Mboto, barabara ya vumbi. Mwenzangu alishambeba mmoja kwa bodaboda, sanduku juu ya tenki, mgeni kalikumbatia hadi mlangoni.

Mkimpokea ndugu, mtafutieni Kipawa au Banana. Msimpeleke Posta, katikati ya jiji, kulala kama ndege yake ni jioni. Tangu daraja la Mfugale lifunguliwe 2018 pale TAZARA pana nafuu, lakini Nyerere Road ikiamua kufunga inafunga. Na ulizeni kama gesti ina jenereta na neti nzima. Anayehitaji viza, ya kupita tu ni dola 30.

Nesi mstaafu

Naongeza moja. Ukisubiri zaidi ya masaa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye homa ya manjano, kama Ethiopia au Kenya, ukirudi Dar unaweza kudaiwa kadi ya chanjo. Usiiache nyumbani kisa ulikuwa unakwenda Ulaya.

Mleta mada

Shukrani wakuu. Na anayepita Istanbul?

Kijana wa Tabata

Mkuu, kuna YOTEL, ila ina pande mbili, ya ndani kwa wanaounganisha na ya nje baada ya uhamiaji. Ukibuku soma vizuri, maana kwa pasipoti yetu kutoka nje kunataka viza.

Bi Mikoba wa Kariakoo

Mimi naona Nairobi ndiyo haina kero. Viza hatudaiwi, na hoteli zipo eneo hilo hilo la JKIA, uwanja wao wa ndege. Ila mwezi wa saba beba sweta, kule baridi haina mchezo.