Sauti ya kusaga nyuma ya IST inayokuja na kupotea: nianzie wapi kuchunguza?

MamaMikindani

Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba mawazo yenu kuhusu gari langu, Toyota IST ya mwaka 2003 yenye injini ya lita 1.3, inayovutwa na magurudumu ya mbele na yenye breki za dramu nyuma, yaani breki zilizo ndani ya ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Kwa muda sasa limekuwa likitoa sauti nzito ya kusaga kutoka nyuma, kama mashine ya kupasulia kokoto, na kinachonisumbua zaidi ni kwamba sauti hiyo haitulii. Naweza kutoka Mikindani hadi Lindi nisiisikie kabisa, kisha ikajitokeza nikiwa naenda tu sokoni Mtwara mjini. Mara nyingi huanza baada ya kupita tuta au shimo, gari likiwa kati ya kilomita 30 na 60 kwa saa, na huzidi ninapokata kona ya kulia. Hudumu kwa muda, halafu hukatika ghafla, wala sijatambua kinachoikatisha.

Fundi mmoja aliliendesha, hakusikia kitu, akanishauri nibadilishe beringi zote mbili za nyuma. Mwingine alisema shokapu zimekwisha. Hakuna kati yao aliyefungua gurudumu. Sikatai kutumia fedha, ila nataka kujua kwanza ninatengeneza nini, kwa sababu gari hili ndilo linalowapeleka wazazi wangu hospitali, na ndilo ninalopanda nalo Newala kusalimia ndugu. Miteremko ya huko si mahali pa kugundulia kwamba breki ina kasoro. Je, kuna namna ya kuichunguza sauti ambayo fundi akipanda garini inanyamaza?

DerevaMasasi

Pole, dada. Hiyo kona ya kulia ni dalili kubwa, usiipuuze. Gari likikata kulia, uzito huegemea magurudumu ya kushoto, na beringi iliyochakaa hupiga kelele zaidi inapobebeshwa mzigo. Kwa hiyo mimi ningeanza kuishuku beringi ya nyuma kushoto. Tafuta barabara iliyonyooka, tambarare na isiyo na magari, kisha sauti ikiwepo weka gia kwenye N kwa sekunde chache bila kuzima injini. Sauti ikiendelea vilevile huku mzunguko wa injini ukiwa umeshuka, jua inatoka kwenye magurudumu au vinavyozunguka pamoja nayo, si kwenye injini.

Kabla ya hayo yote, toa kila kitu kilichomo kwenye buti, yaani tairi la akiba, jeki na spana, uendeshe bila mizigo hiyo. Jeki iliyolegea inaweza kumzungusha mtu gereji hadi gereji. Halafu pitisha kiganja juu ya uso wa tairi za nyuma, kwenda na kurudi. Ukihisi meno kiganja kikienda upande mmoja tu, tairi limeliwa vibaya, na tairi la namna hiyo hunguruma hata kama beringi ni mpya.

FundiMstaafuLigula

Nakubaliana na ndugu yangu wa Masasi kuhusu kona, lakini ningependa tusiifunge kesi mapema. Beringi iliyochakaa kwa kawaida huvuma, na mvumo wake hupanda na kushuka pamoja na mwendo wa gari. Inaweza kuzidi au kupungua kwenye kona, lakini si kawaida yake kuamshwa na tuta kisha ikakatika ghafla kana kwamba hakuna kilichotokea. Kitu kinachoamshwa na mtikisiko na kunyamaza chenyewe mara nyingi ni kitu kilicholegea, kinachohama mahali pake na kurudi. Kwa hiyo, dada, swali langu la kwanza kwako ni hili: sauti inapokuwepo, ukigusa pedali ya breki kidogo tu, inafanyaje?

Jaribu hilo taratibu. Kisha, ukiwa kwenye barabara kavu, iliyonyooka na isiyo na watu, kwa mwendo usiozidi kilomita 20 kwa saa, bonyeza kitufe cha breki ya mkono na uendelee kukibonyeza huku ukiivuta kidogo sana, kiasi cha kuhisi gari linashikwa, kisha uiachie. Usiivute kwa nguvu na usifanye hivyo kwenye kona. Pedali hushika magurudumu yote 4, ilhali breki ya mkono katika gari lako hushika ya nyuma tu. Kama sauti inabadilika au inakatika kila unapoivuta, tutakuwa tumeshaondoka kwenye shokapu, na kwa kiasi kikubwa tumeondoka kwenye beringi pia, tumeingia ndani ya dramu.

Baada ya hapo gari linyanyuliwe, na hapa naomba usikilize kwa makini. Udongo wetu wa pwani ni mchanga, na jeki huzama ukiwa hujui. Weka ubao mnene chini ya jeki, ziba magurudumu ya mbele kwa kabari pande zote mbili, legeza breki ya mkono ili gurudumu la nyuma lizunguke, kisha egemeza gari kwenye stendi kabla mtu yeyote hajaingiza mkono. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi au habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) ina tatizo. Lisipocheza, kazi bado haijakwisha. Weka ncha za vidole vya mkono mmoja juu ya springi ya gurudumu hilo, na kwa mkono mwingine zungusha tairi polepole. Beringi iliyoharibika hupitisha mkwaruzo mdogo kwenye chuma cha springi, na vidole huuhisi hata pale ambapo sikio halisikii chochote. Fanya upande wa pili pia, kwa sababu bila kulinganisha huwezi kujua lipi ni la kawaida. Usimwamini sana mtu anayekaa kiti cha nyuma na kukuambia upande kwa kusikiliza, maana bodi ya gari husafirisha sauti, na ya kushoto inaweza kusikika kana kwamba iko kulia.

Jambo moja zaidi kuhusu ushauri wa kubadilisha beringi zote mbili. Katika gari hili beringi ya nyuma huja pamoja na habu yake, kifaa kizima kinachofungwa kwa bolti 4, na si kitu cha bei ndogo. Fundi anayekuambia ununue viwili bila kuzungusha hata gurudumu moja anakuuzia dhana tu.

BintiNewala

Naomba kuongeza jambo. Mimi niliwahi kuwa na gari lenye breki za diski nyuma, na kijiwe kiliingia kati ya diski na lile bamba jembamba la kuzuia vumbi. Kilikuwa kinakwaruza, kinaacha, kinakwaruza tena. Kwako ni dramu, kwa hiyo uwezekano huo ni mdogo, lakini wengine wanaosoma hapa wenye diski waangalie hapo kwanza kabla ya kununua kitu, kwani kukitoa hakugharimu chochote zaidi ya uvumilivu.

MamaMikindani

Shikamoo, Mzee. Ninawashukuru nyote. Nimetoa kila kitu kwenye buti na sauti imebaki palepale, na tairi zote mbili ni laini kwa kiganja. Nilipoweka N sauti iliendelea. Kisha nikafanya kama ulivyoelekeza: nikigusa pedali kidogo tu sauti inakatika papo hapo, nikiachia inaweza kukaa kimya hadi tuta linalofuata. Kwa breki ya mkono ni vivyo hivyo. Sasa naelewa kwa nini ilikuwa inakatika bila mimi kujua sababu, kwa kuwa mjini mtu hugusa breki kila mara bila hata kufikiri. Gari likiwa juu ya stendi halikucheza upande wowote, na kwenye springi sikuhisi tofauti kati ya kushoto na kulia. Je, naweza kupanda nalo Newala mwisho wa mwezi, kisha nilifungue nikirudi?

FundiMstaafuLigula

Marahaba, binti yangu. Hapana, usipande nalo. Maelezo yako yanaonyesha kwamba breki shuu moja, kile kipande cha upinde kinachoibana dramu kwa ndani ukifunga breki, imelegea ndani ya dramu, na kuna hatari kipande kilicholegea kikajibana kati ya shuu na dramu, gurudumu likagoma ukiwa kwenye mteremko. Lifunguliwe kwanza.

Kila breki shuu hushikiliwa kwenye bamba la chuma lililo nyuma ya dramu kwa pini nyembamba, springi ndogo na kikombe. Pini hiyo ikikatika, shuu hubaki ikining'inia kwenye springi za kurudisha peke yake. Gari likiruka tuta, shuu huinama na ukingo wake wa chuma hugusa dramu inayozunguka, na hapo ndipo unaposikia kusaga. Ukigusa breki, silinda huzisukuma shuu zote mbili zikae sawasawa kwenye dramu, na sauti hufa. Kona ya kulia nayo hulisukuma gurudumu la kushoto kwa upande, kwa hiyo mwanzieni kushoto.

Dramu ikikataa kutoka, msiipige nyundo. Tazameni usoni mwake, mtaona matundu mawili yenye hesi. Fungeni humo bolti mbili za milimita 8, zile za spana namba 12, mkikaza kidogo upande huu na kidogo upande ule, nayo itajisukuma yenyewe. Ikiwa bado imeng'ang'ania, huenda breki ya mkono haijalegezwa vizuri. Vumbi la ndani lisipulizwe kwa kompresa, kama inavyofanyika kila siku kwenye gereji zetu, kwa sababu baadhi ya breki shuu, hasa za zamani na za bei ya chini, zina asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu. Lilowesheni kwa maji yenye sabuni na mlifute kwa kitambaa.

PwaniLindi

Nakazia hoja ya Mzee kwa sisi tunaoishi karibu na maji. Kichwa cha pini hiyo hutokeza nyuma ya bamba, mahali ambapo hewa ya chumvi na tope la masika hufika bila kizuizi. Hapa Lindi nimeona pini ambazo kwa ndani zinang'aa na kwa nje zimeliwa na kutu hadi kubaki uzi. Mtu akiwa chini ya gari kwa kazi nyingine yoyote, apitishe brashi ya waya kwenye vichwa hivyo avione. Pia tusichanganye jambo hili na mkwaruzo wa asubuhi, ambao ni kutu nyepesi ya usiku ndani ya dramu na hupotea ukishafunga breki mara chache.

MamaMikindani

Tumefungua. Upande wa kushoto, pini ya shuu ya nyuma imekatika kwa kutu, na kikombe pamoja na springi yake vilikuwa vimelala chini ndani ya dramu, vimepondeka. Ukingo wa shuu umeng'aa upande mmoja, na ndani ya dramu kuna mstari mmoja uliochimbika ambao kucha inaukamata. Beringi ni nzima. Je, dramu ibadilishwe?

FundiMstaafuLigula

Vizuri sana. Kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye dramu yenyewe. Peleka kwa mchonga vyuma aipime, na kama mstari unaweza kuondolewa bila kuvuka kipimo hicho, ichongwe pamoja na ya kulia ili breki zishike sawa. Ikivuka, nunua nyingine. Breki shuu zibadilishwe pande zote mbili kwa pamoja, pamoja na pini, springi na vikombe vipya, hata kama vya kulia bado vinaonekana vizima, kwa kuwa vimekaa katika chumvi ileile. Kagua mpira wa silinda kwa kuuinua ukingo wake kidogo, na ukiona unyevu wa mafuta ya breki, silinda nayo ibadilishwe. Mkimaliza, rekebisheni shuu hadi gurudumu lizunguke kwa mkono likigusa kwa mbali sana, kisha uendeshe taratibu mjini kwa siku chache ukifunga breki kwa upole ili shuu mpya zikae. Baada ya hapo sogeza mkono karibu na kila dramu bila kuigusa. Upande mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine, urekebishwe tena kabla ya safari ya Newala.