Glukosamini, kolajeni au manjano: kipi kinasaidia goti?

MamaPendo: Habari zenu wapendwa. Goti la kulia linanisumbua mwaka wa pili sasa. Kupanda ngazi afadhali, kushuka ndiko kunakonitoa machozi. Asubuhi linakaza, nikitembea kidogo linalegea. Picha imeonyesha gegedu limeanza kulika. Watu wamenitajia vidonge vya glukosamini yenye kondroitini, virutubisho vinavyouzwa kwa ajili ya viungo, unga wa kolajeni na vidonge vya manjano. Vyote sitaviweza. Aliyetumia aniambie, tafadhali.

Mzee_Salum: Pole mwanangu. Nimetumia glukosamini miligramu 1,500 kwa siku, miezi minne. Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Wa tatu nikawa nainuka kwenye stuli bila kushika meza. Ila nisikudanganye, wakati huohuo nilianza kutembea kila jioni, kwa hiyo siwezi kuapa ni vidonge.

Neema_Famasia: Shikamoo Mzee, umegusa penyewe. Maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huanza dawa pale yalipomzidi. Yakishuka, sifa inakwenda kwenye kopo.

Dada, mwaka 2006 Marekani walitoa matokeo ya utafiti uitwao GAIT: watu 1,583 wenye goti kama lako, wiki 24. Waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote, asilimia 60 walipata nafuu. Waliopewa glukosamini na kondroitini kwa pamoja, karibu asilimia 67. Kitaalamu pengo hilo halikutosha kusema vidonge ndivyo vilivyofanya kazi. Wenye maumivu makali zaidi walionekana kufaidika na mchanganyiko huo, lakini walikuwa wachache. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha huko kikashauri glukosamini isitumike kwa goti.

Manjano yana tafiti ndogo zenye matumaini. Tatizo mwili huyanyonya kwa shida, ndiyo maana vidonge vingi huongezwa pilipili manga, na wapo watumiaji walioumia ini. Kolajeni humeng'enywa tumboni kama protini nyingine, haiendi moja kwa moja gotini.

Juma_K: Kolajeni mke wangu alimaliza makopo matatu. Goti lilibaki vilevile. Kilichompa usingizi ni jeli ya diklofenaki, dawa ya maumivu ya kupaka.

MamaPendo: Asanteni. Neema, sikusema mwanzoni, natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande.

Neema_Famasia: Dada yangu, basi usinunue chochote kwanza! Glukosamini inaweza kuizidishia warfarini nguvu, na manjano vilevile, ukaanza kuvuja damu. Hata hiyo jeli ya Juma usipake kabla ya kumuuliza daktari wako. Na kwa wengine mnaosoma: glukosamini nyingi hutengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa, mwenye mzio navyo ajihadhari.

Kocha_Viungo: Mama, kazi yangu ni mazoezi tiba, magoti nayaona kila siku. Msuli wa mbele wa paja ndio unaobeba goti. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mbele yako, ukaze paja, hesabu hadi tano, shusha taratibu. Mara kumi kila mguu. Kama uzito umezidi, kila kilo moja unayopunguza inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Hakuna kopo litakalokupa hicho.

MamaPendo: Jumatano naenda kupima damu, nitamuuliza daktari huko huko. Kocha, nimejaribu la kiti sasa hivi. Mguu wa kushoto umefika tano vizuri. Wa kulia umeanza kutetemeka kwenye tatu. Niendelee?

Kocha_Viungo: Endelea, huo msuli umelala muda mrefu. Wa kulia uhesabie tatu, mara sita tu, wiki hii. Maumivu yakibaki hadi kesho yake au goti likivimba, punguza uniandikie hapa.