Tupeane uzoefu: mliowahi kukaa na Watamil kwenye kumbukumbu za wafu wao wa vita

Nyuki Mweusi (London)

Wakuu, heshima kwenu. Huku East Ham ninakoishi Watamil wa Sri Lanka wamejaa, na kila ikifika Mei wanagawa uji barabarani: mchele, maji na chumvi, basi. Wanauita Mullivaikkal kanji. Ndicho chakula kilichokuwa kimebaki kwa raia waliobanwa kwenye ufukwe mwembamba wa Mullivaikkal, kaskazini-mashariki mwa Sri Lanka, kati ya bahari na ziwa la chumvi la Nanthikadal, hadi vita vya serikali na LTTE (waasi wa Kitamil waliojiita Chui, waliotaka nchi yao) vilipoisha tarehe 18 Mei 2009. Serikali ilikuwa imewaambia wakimbilie maeneo ambayo hayatapigwa, kisha mizinga ikawafuata humo humo. Jopo la wataalamu la Umoja wa Mataifa liliandika mwaka 2011 kwamba raia waliouawa katika miezi ile ya mwisho wanaweza kufikia 40,000.

Kinachonitatiza ni hiki. Kwao Sri Lanka, kuwasha taa ya marehemu kumewafikisha watu polisi, ilhali makamanda wa vita ile wengine walipandishwa vyeo, wengine wakapewa ubalozi. Nani hapa amekaa nao kwenye kumbukumbu, au kafanya nao kazi za sheria? Ubishi wa siasa tuuache, leteni mlichokiona.

Binti Ukerewe (Toronto)

Niko Scarborough. Kwanza jueni kuna tarehe mbili, msizichanganye. 18 Mei ni ya raia, na bunge la Kanada liliitambua mwaka 2022 kuwa siku ya kukumbuka mauaji ya kimbari ya Watamil. 27 Novemba ni Maaveerar Naal, siku ya wapiganaji wa LTTE, inayofuata tarehe aliyokufa mpiganaji wao wa kwanza mwaka 1982. Taa zinawashwa saa kumi na mbili na dakika chache jioni. Ua lao ni karthigaipoo, jekundu na njano, lenye petali zilizopinda kwenda juu. Nilipoliona nilishangaa, maana hata kwetu linaota porini.

Sasa kisa chenyewe. Dada mmoja tuliyekuwa tukifanya naye zamu za usiku, kaka yake alichukuliwa na LTTE kwa nguvu akiwa bado mwanafunzi. Hakurudi. Kila Novemba mama yao anawasha taa. Nikamuuliza, mnawezaje kwenda kwenye siku ya watu waliomwiba mtoto wenu? Akasema mama anamwashia mwanawe, hotuba hazisikilizi, na kaburi la kumwashia hana kwa kuwa jeshi lilipitisha matingatinga kwenye makaburi yote ya wapiganaji. La Kopay, karibu na mji wa Jaffna kule kaskazini, lilivunjwa na juu yake ikajengwa kambi ya jeshi. Tangu hapo sikuuliza tena maswali ya aina ile.

Mkalimani Mstaafu (Arusha)

Nilete ya hapa nyumbani. Wengi mmesahau kwamba Navi Pillay, Mtamil wa Durban, alikuwa jaji hapa Arusha kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, tena mmoja wa majaji watatu waliomtia hatiani Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba kule Rwanda, mwaka 1998. Mimi nilikuwa kwenye idara ya nyaraka wakati huo, tukipishana naye kwenye korido. Mwaka 2008 akawa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, na 2013 akaenda Sri Lanka. Huko walimwita chui jike wa Kitamil, yaani mtu wa LTTE, na waziri mmoja akatangaza hadharani kuwa yuko tayari kumuoa. Mwanamke aliyesikiliza ushahidi wa Taba!

Ila tofauti ya kesi hizi mbili ni kubwa. Rwanda ilipata mahakama kwa sababu Baraza la Usalama liliiunda. Sri Lanka haikusaini Mkataba wa Roma ulioanzisha ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, kwa hiyo ICC haigusi bila Baraza hilo hilo, na Baraza halikusogea. Ikabaki Geneva, kwenye Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Mwaka 2015 serikali ya Colombo yenyewe iliunga mkono azimio la kuwa na chombo cha sheria chenye majaji wa kigeni ndani yake. Februari 2020 ikajitoa. Mwaka 2021 Baraza la Haki za Binadamu likaamua ofisi ya Kamishna Mkuu ikusanye na kuhifadhi ushahidi. Kwa hiyo majalada yanajaa, mahakama ya kuyapokea haipo.

Kijana wa Busia

Mzee, yaani hakuna hata mmoja aliyefungwa?

Mkalimani Mstaafu (Arusha)

Wapo, wanahesabika. Sajini mmoja alihukumiwa kifo mwaka 2015 kwa kuua raia wanane kule Mirusuvil, Desemba 2000, mtoto mdogo akiwemo. Mahakama ya Juu ikathibitisha 2019. Machi 2020 Rais Gotabaya Rajapaksa akamsamehe, akatoka.

Na kuna Chemmani, karibu na Jaffna. Mwaka 1998 koplo aliyehukumiwa kwa kumbaka na kumuua msichana wa shule, Krishanthi Kumaraswamy, alisema mahakamani kwamba huko kumezikwa mamia. Mwaka 1999 ikafukuliwa miili 15, kisha kimya. Mwaka 2025 mafundi wakichimba kwenye makaburi ya jirani wakakuta mifupa. Mabaki ya zaidi ya watu 200 yametoka, ya watoto yakiwemo, na begi la shule.

Mswahili wa Doha

Naomba nilete upande usiotajwa sana. Nilikaa chumba kimoja na Mwislamu wa Jaffna, lugha yake ni Kitamil. Oktoba 1990 LTTE waliwapa Waislamu wa mji ule saa mbili waondoke. Kaskazini nzima walifukuzwa zaidi ya 70,000. Yeye alibebwa mgongoni na baba yake, akakulia kambini Puttalam. Tukifuturu alikuwa anaeleza jinsi wapiganaji walivyowavua wanawake vidani njiani. Hizo tarehe mbili za dada wa Toronto, yeye hazimhusu hata moja, na akisikia wenzake wakidai haki anauliza na yake iko jalada gani.

Viongozi wa LTTE karibu wote walikufa 2009, utamshtaki nani? Mmoja wa wachache waliobaki ni Karuna, kamanda wao aliyeasi akaenda upande wa serikali na kupewa hadi unaibu waziri. Machi 2025 Uingereza ilimwekea vikwazo pamoja na makamanda wastaafu watatu wa serikali. Rafiki yangu alicheka tu.

Wakili Mombasa

Nimekwenda Vavuniya, kaskazini mwa Sri Lanka, na mawakili wenzangu. Kuna kina mama wamekaa kwenye kibanda cha turubai kando ya barabara tangu Februari 2017, picha za watoto wao zimepangwa ukutani. Wengi waliwakabidhi watoto kwa jeshi wenyewe, vita vilipoisha, na hawajawaona tena. Ofisi ya Watu Waliopotea ipo, ila fidia yake hawaitaki. Mama mmoja aliniambia: nikichukua pesa nitakuwa nimesaini kwamba amekufa, na mimi nilimtoa akiwa hai. Askari kanzu alikuwa upande wa pili akitupiga picha, wala hakujificha.

Kuhusu sheria: kuzuia kumbukumbu hizi wanatumia ile ya Kuzuia Ugaidi ya 1979, na polisi huomba amri ya mahakama kabla ya siku yenyewe. Mei 2024 kule Sampur walikamatwa watu wanne kwa sababu ya uji huo huo, na sheria iliyotumika ni ile iliyotungwa kutekeleza mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia. Nilisoma karatasi mara mbili, nisiamini macho yangu.

Nyuki Mweusi (London)

Wakili, ahsante sana. Jirani kanialika ya 27 Novemba. Nikienda navunja sheria ya hapa?

Wakili Mombasa

Kaka, kuhudhuria na kuomboleza si kosa. LTTE imepigwa marufuku Uingereza tangu 2001, na ni kosa kuvaa au kubeba kitu kinachokuonyesha kuwa mfuasi wake. Kwa hiyo bendera ya chui usiishike hata kwa picha. Ua chukua. Wakipitisha kapu la mchango, uliza kwanza linakwenda wapi. Na kama una safari ya Colombo karibuni, usiweke chochote Facebook: Novemba 2024 watu walikamatwa kule kwa picha walizorusha mtandaoni.