Nimeokoka, lakini niliowapunja sokoni nitawarudishia vipi? Naomba ushauri

Bwana asifiwe wapendwa. Nauza nafaka Kawangware, Nairobi, huu mwaka wa sita. Nilipoanza, mama aliyeniachia kibanda alinionyesha namna ya kubonyeza kitako cha gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, kwa nyundo, kidogo tu, mteja asitambue. Kila gorogoro ya maharagwe, konzi moja inabaki kwangu. Nimeuza hivyo miaka mitano.

Mwezi wa pili niliokoka. Nikanunua gorogoro mpya, na hilo halikuwa gumu, ingawa faida imepungua. Kinachoninyima usingizi ni wale niliowapunja. Katika Luka 19, Zakayo mtoza ushuru hakuishia kutubu. Aliahidi kurudisha mara nne. Mimi nitamrudishia nani? Wengi ni watu wa vibarua, wanapita jioni wakinunua nusu gorogoro ya kulisha watoto. Ila kuna shosho mmoja, bibi mzee, huja kila Jumamosi na kiondo chake. Ananiita "mwanangu", na kila akinishukuru natazama chini.

Mchungaji ameniambia nimesamehewa, nisonge mbele. Naamini nimesamehewa. Lakini shosho bado hajapata maharagwe yake.

Je, nimwambie ukweli, au nimwongezee kimyakimya kila anapokuja? Kumwongezea bila kusema naona kama bado najificha. Nikisema, habari itaenea soko zima, na karo ya watoto inatoka hapo hapo. Wewe uliyewahi kurudisha ulichodhulumu, ulianzia wapi?