Bogenvilia imejaa majani, maua hakuna (Dodoma)

Uani_Dom: Wakuu, nina bogenvilia nne kando ya ukuta, mwaka wa pili tangu zitoke kwenye viriba. Zimestawi, matawi yanapita mita tatu, ila maua hakuna. Jua linazipiga kuanzia saa tatu asubuhi hadi jioni. Kila shina napa lita 10 za maji kila jioni na samadi ya kuku kila mwezi. Nakosea wapi?

Shamba_Kavu: Jua linatosha. Kinachokukosesha maua ni samadi na maji. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na mti unaipeleka yote kwenye majani na miiba. Achana nayo kabisa. Maji nayo yasubiri. Majani yakilegea mchana kisha jioni yakasimama, hiyo ni joto tu. Ukiyakuta yamelegea asubuhi, mwaga lita 15 polepole shinani, halafu acha tena. Kiu kidogo ndiyo inayouamsha mti huu utoe maua.

Mkasi: Naongezea kupogoa. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo mvua zikielekea kuisha kata theluthi moja ya kila tawi refu, juu kidogo ya jicho. Vaa glavu nene. Baada ya hapo usiguse! Wengi huipunguza kila wiki kama ua wa michongoma, na kila mara wanaondoa zile ncha ambazo zingechanua. Ukitaka kujua imeanza, angalia ncha: majani matatu membamba yanabadilika rangi, na katikati vinatokea viua vidogo vyeupe. Hivyo ndivyo maua yenyewe.

Uani_Dom: Asante sana. Matawi nitakayokata yanaota? Na moja naweza kuihamisha?

Shamba_Kavu: Usihamishe, mizizi yake hukatika kirahisi. Hata mche wa kiriba, uweke shimoni kwanza ndipo uchane nailoni kwa wembe.

Vipandikizi chagua vyenye unene wa penseli, vilivyokomaa, sentimita 15 hadi 20. Ondoa majani, chomeka theluthi moja kwenye mchanga sehemu mbili na mboji sehemu moja, weka kivulini. Vitachipua mapema, lakini chipukizi hilo linakula akiba ya kijiti na mizizi bado haipo. Ukivivuta kukagua, umeviua. Subiri wiki 6 hadi 8.

Mkasi: Na ukiona kingo za majani zimeliwa na mdudu haonekani, toka na tochi usiku. Ni viwavi, huonekana gizani.