Makumbusho ya ufundi wa mikono Uingereza: bei kamili, nusu ya nyumba imefungwa, na mama yangu kafokewa mbele za watu

Wakuu, salaam.

Nilikaa kimya nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, kwa hiyo nashusha uzi. Mods, naomba msiuhamishie jukwaa la utalii, haya ni malalamiko.

Jina la nyumba silitaji kwa sababu dai langu bado liko mezani kwao. Ni moja ya zile nyumba za kale za Uingereza zilizojengwa na watu wa Arts and Crafts. Kwa wasiowajua: karne ya 19 viwanda vya nchi hii vilikuwa vinamwaga bidhaa za kulipua, wakatokea watu wakasema hapana, kitu kitengenezwe na fundi anayekijua na kukipenda. Kinara wao alikuwa William Morris (1834–1896). Rafiki yake Philip Webb alimchorea ile Red House ya Bexleyheath iliyokamilika 1860, wakaipachika katikati ya shamba la miti ya matunda na kuchunga sana wasiikate ovyo. Kwa watu hawa bustani na nyumba ni kitu kimoja. Hata karatasi ya ukutani ya Morris ya 1862 yenye mawaridi yaliyotambaa kwenye fito aliibuni akiitazama bustani yake mwenyewe, na ndege waliomo alichora Webb.

Basi mama alikuwa amekuja kutoka Pemba kututembelea, nikaona huku ndiko kwa kumpeleka, maana yeye ni mtu wa mikono. Anasuka ukili na mikeka ya miyaa tangu usichana wake.

Dirishani nikalipia familia nzima. Yule binti akachukua pesa, akatupa tiketi na ramani, akatutakia siku njema. Hakusema lolote. Tumekwenda vyumba viwili vitatu, tunafika chini ya ngazi, tunakuta kamba na karatasi imebandikwa kwa selotepu: ghorofa ya juu imefungwa leo kwa uhaba wa watu wa kujitolea. Leo! Wakati tunalipa hawakulijua? Na huko juu ndiko kuliko na vyumba vya kulala na yale mapazia yaliyotariziwa kwa mkono ambayo kwenye tangazo lao wameyaweka picha ya kwanza kabisa.

Nisieleweke vibaya. Silalamikii giza. Kuna mtu nyuma yetu alikuwa ananung'unika kwamba mapazia yamefungwa na haoni kitu, mimi hilo nawatetea. Nguo zilizotiwa rangi za mimea, nili na nyinginezo, mwanga unazimaliza, ndiyo maana makumbusho mengi hushusha mwanga hadi kama laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga). Wako sahihi. Ninacholalamikia ni kuuziwa nyumba nzima na kuoneshwa nusu.

Sasa njoo kwenye kiti.

Kampuni ya Morris ilikuwa inauza viti vinavyoitwa Sussex. Fremu nyembamba, mara nyingi imepakwa rangi nyeusi, na kalio limesukwa kwa nyasi za majini. Ilikuwa moja ya bidhaa zao chache ambazo mtu asiye tajiri sana angeweza kununua. Kipo kimoja pale sebuleni, na juu yake wameweka kichwa kikavu cha mbigili, ndiyo mtindo wa nyumba hizi kukuambia usikalie. Mama akaniuliza, "Mwanangu, kiti hichi kimetiwa miba kwa nini?" Nikamweleza, akacheka sana. Halafu akainama. Akatazama jinsi nyasi zilivyosokotwa mbili mbili, jinsi zinavyokutana katikati kutoka pembe nne, akaweka ncha ya kidole pale ukingoni kufuata uzi mmoja unakoelekea.

Mzee mmoja mwenye beji akapiga kelele kutoka upande wa pili wa chumba. Siyo kusema, ni kupiga kelele. Watu wote wakageuka. Mama akarudisha mkono, akatoka nje bila neno.

Kanuni ya kutogusa naijua na ina maana yake, mafuta ya vidole yanaharibu. Lakini mwanamke wa miaka sabini na kitu huwezi kumwambia kwa adabu? Katika watu wote waliokuwa mle ndani siku ile, ni yeye pekee aliyekitazama kile kiti kama kazi ya mtu. Morris mwenyewe alijifunza kutia rangi kwa kuchovya mikono kwenye mapipa ya nili mpaka ikawa ya buluu! Angemvutia mama kiti kingine wakae waulizane. Na kwa taarifa yenu, kiti kingine cha mgeni kukalia hakikuwepo chumba chochote.

Bustani ilikuwa nafuu. Nusu yake imezungushiwa wavu wa plastiki wa rangi ya chungwa kwa sababu ugo umeliwa na viwavi, na hilo siwalaumu, viwavi hao wametoka Asia ya Mashariki na wamesumbua bustani nyingi huku. Mtunza bustani alisimamisha kazi yake akamwonesha mama jinsi maua yanavyopangwa kwa mikupuo ya rangi, baridi pembeni na moto katikati, mtindo alioupenda Gertrude Jekyll, mbunifu wa bustani wa Kiingereza. Huyo Mungu ambariki. Wangempa yeye kile chumba cha kiti.

Kisha ukitoka, lazima upite dukani. Ile nakshi ya kitambaa ya Morris, Strawberry Thief ya 1883, ndege wanaoiba matunda, ilichapwa kwa mkono kwa vibao vya mti vilivyochongwa, na ilikuwa miongoni mwa vitambaa ghali vya kampuni. Leo iko kwenye vikombe, soksi, vitaulo vya jikoni na kamba ya mbwa, vyote vya kiwandani. Eti na juu ya mlango kuna bango la kusifu kazi ya mikono.

Najua mtakuja na "rudi kwenu, Beit el Ajaib imeporomoka." Kweli, sehemu yake ilianguka Desemba 2020 na watu wakafa, inauma. Ila haihusiani na tiketi yangu.

Nataka nusu ya pesa yangu, na nataka ile karatasi ihamishwe kutoka kwenye ngazi ikabandikwe dirishani. Aliyewahi kudai kupitia benki yake huku Uingereza anipe utaratibu, ilichukua muda gani na walitaka ushahidi upi?

NYONGEZA: Wamejibu. Wananipa vocha ya chai na keki, ya kutumia kwenye mgahawa wao hapohapo, haibadilishwi kuwa pesa. Kuhusu mama, hakuna hata sentensi moja. Nimewarudishia barua pepe yenye picha ya ile karatasi na risiti inayoonesha saa niliyolipa.