Taa ya kufunga kwenye shotgani ya nyumbani: ipi inafaa kwa Maverick 88?

Baba Nuru (Katy, Texas)

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri wa taa, ila acheni kwanza nieleze swali limetoka wapi.

Wiki jana, saa tisa na dakika kumi usiku, mlango wa gereji ulipanda. Mke wangu akanigusa bega. Mpwa wangu anayekaa nasi alikuwa zamu ya usiku kwenye ghala la vifurushi na tulimtegemea saa kumi na mbili asubuhi. Nikatoa shotgani kwenye kasha lake, nikasimama pale korido inapokata kona kuingia jikoni. Giza totoro. Nikaona umbo la mtu ameinama karibu na meza, hasemi, hasogei. Kidole kilikuwa nje ya triga, lakini mtutu ulikuwa umemwelekea kifuani. Nilimtambua kwa kikohozi. Kazi iliisha mapema, akawa ameinama anavua viatu ili asituamshe.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Sitaki tena kusimama gizani na bunduki bila kujua nani yuko mbele yangu.

Bunduki ni Maverick 88, geji 12, mtutu wa inchi 18.5. Nimeangalia njia tatu: Streamlight TL-Racker, ambayo taa imo ndani ya kishikio cha mbele unachovuta kukoki, SureFire DSF, muundo uleule ila bei inapita dola 400, na ya tatu ni klampu ya kubana tochi ya kawaida kwenye bomba la risasi, kama dola 30 ukijumlisha na tochi. Bajeti yangu ni dola 200, nikijikaza inafika 250. Watoto wawili, miaka 6 na 9, chumba chao kiko mwisho wa korido hiyohiyo.

Natanguliza shukrani.

Fundi Mwaka (Mesquite, Texas)

Pole sana mkuu, na umshukuru Mungu kwa kile kikohozi.

Kabla hujatoa hela: Maverick 88 na Mossberg 500 ni ndugu, lakini kuna sehemu wanatofautiana, na hiyo ndiyo itakayokugharimu. Kwenye Mossberg 500 kishikio cha mbele kinafunguka kwa kulegeza nati yake, unaweka kingine. Kwenye Maverick 88 kishikio kimebanwa moja kwa moja na zile pau mbili za chuma zinazosukuma bolti. Hakitoki peke yake. Ukinunua TL-Racker ya Mossberg ukaileta nyumbani, utaishia kuitazama mezani. Inabidi ununue na pau za Mossberg 500 pamoja na bomba dogo ambalo pau hizo zimeungwa nalo (siyo bomba la risasi), uzivae badala ya zako, ndipo taa ikae. Kazi yenyewe si ngumu, nimeshawafanyia watu kadhaa, ila weka gharama hiyo kwenye hesabu. Na upime urefu wa hilo bomba kabla ya kuagiza, kwa sababu Mossberg wametoa marefu na mafupi.

Klampu ya bomba la risasi mimi siipendi kwa bunduki ya kupampu. Fikiria mkono wako wa kushoto. Taa iko mbele kabisa, swichi iko kwenye kitako cha tochi. Ukivuta kishikio nyuma kukoki, mkono unaiacha swichi. Maana yake ama uiache taa inawaka muda wote, ama izimike kila unapokoki. Wengine wanapeleka waya wa swichi hadi kwenye kishikio, halafu waya unaenda mbele na nyuma pamoja nacho, siku moja unanasa. Ndiyo maana watu wakabuni taa ya ndani ya kishikio: mkono hauondoki.

Mzaramo870 (Atlanta, Georgia)

Ninayo DSF kwenye Remington 870, mwaka wa tatu huu. Nizungumzie ninachokijua.

Ina mwanga wa ngazi mbili, lumeni 600 na lumeni 200. TL-Racker ina ngazi moja, lumeni 1,000. Kwenye karatasi unaona TL-Racker imeshinda na bei ni karibu theluthi. Lakini nenda kasimame kwenye korido yako yenye rangi nyeupe, uwashe lumeni 1,000 ukiwa umetoka usingizini. Ukuta unakurudishia mwanga wote usoni. Kwa sekunde chache wewe ndiye uliyepofuka. Ngazi ya 200 ndani ya nyumba inanitosha kabisa kuona sura ya mtu na alichoshika mkononi. Ile 600 naitumia uani.

Pia angalia kandela, usiishie kwenye lumeni. Lumeni ni mwanga wote unaotoka, kandela ni jinsi ulivyokusanyika katikati. TL-Racker imeandikwa kandela 20,000, inapiga mbali. Wewe korido yako haifiki mita kumi. Unachohitaji ni mwanga unaomwagika pembeni uone chumba kizima, siyo mshale mweupe katikati.

Zote mbili zinatumia betri mbili za CR123A. Ni lithiamu, zinakaa kabatini hadi miaka kumi bila kuchoka. Usichanganye kuukuu na mpya, na usinunue zisizo na jina.

Nesi wa Zamu (Columbus, Ohio)

Shikamooni wakubwa. Mtanisamehe nikiingilia, lakini naona mnamjibu Baba Nuru kuhusu taa kabla hamjajibu kile kilichomtokea.

Kaka, taa iliyofungwa kwenye bunduki inamulika pale mtutu unapoangalia. Usiku ule, kama ungekuwa nayo, ungemtambua mpwa wako nusu dakika mapema, ni kweli. Lakini ungemtambua akiwa bado mbele ya mtutu. Kanuni za usalama wa silaha alizoziandika Jeff Cooper zipo nne, na ya pili inasema usielekeze mtutu kwa kitu ambacho hauko tayari kukiangamiza. Sasa unatafutaje ni nani kwa kutumia bunduki?

Nunua tochi ya mkononi kwanza. Nzuri, ya dola 50 au 60, ikae kando ya kitanda. Mume wangu ana shotgani, mimi narudi saa mbili usiku au saa mbili asubuhi kulingana na zamu, na tumekubaliana: mlango ukilia, kinachotangulia ni sauti na tochi ya mkononi. Mimi nikiingia naita jina lake nikiwa bado mlangoni. Bunduki inabaki kwenye kasha mpaka kuwe na sababu.

Wengi wetu humu nyumba zetu hazilali. Mmoja anaendesha lori, mwingine yuko hospitali, shemeji amefika juzi na bado hajazoea saa. Atakayetembea gizani kwako saa tisa usiku, mara nyingi ni wako.

Fundi Mwaka (Mesquite, Texas)

Dada, kwenye hilo la sauti na tochi ya mkononi sina neno, na mimi nilipaswa kuanza nalo. Niongeze tu upande wa pili.

Bunduki ya kupampu inataka mikono miwili. Ukishika tochi kwa kushoto na shotgani kwa kulia, huwezi kukoki sawasawa na huwezi kuzuia mrusho wa geji 12, yaani lile teke la bunduki inapofyatuka. Kwa hiyo zile taa mbili hazishindani. Ya mkononi ni ya kuuliza "nani wewe?" Ya kwenye bunduki ni ya pale ambapo umeshapiga simu 911, familia yote iko chumba kimoja nyuma yako, na mlango ndio pekee unaoutazama.

Na si lazima umwelekezee mtu mtutu ili umwone. Elekeza sakafuni, mita mbili au tatu mbele ya miguu yako. Mwanga unagonga sakafu na kupanda, chumba kinajaa. Kwa lumeni 1,000 hiyo inafanya kazi vizuri mno, na hapo ndipo lile tatizo la ukuta mweupe alilosema Mzaramo linapungua. Nawafundisha watu hivyo: mtutu chini, kidole nje ya triga, taa inawaka kwa kubonyeza na kuachia. Jaribu leo usiku, bunduki ikiwa tupu, risasi zikiwa chumba kingine.

Kingine kuhusu Katy: kuta zetu huku ni jipsamu juu ya mbao, siyo tofali kama nyumbani. Risasi ya kawaida ya marisawa namba 00 ina gololi tisa, kila moja ina kipenyo cha milimita 8 na kidogo, na zinapita kuta kadhaa za ndani kabla ya kusimama. Umesema chumba cha watoto kiko mwisho wa korido. Hakuna taa inayokuonyesha kilichopo nyuma ya jipsamu. Simama upande ambao mgongo wako ndio umewaelekea watoto, siyo mtutu.

Mkulima wa Kilosa (Morogoro)

Nawasalimu kutoka nyumbani. Huku hatuna taa za dola 400, ila nina shotgani kwa kibali, ya shamba. Nguruwe pori wakiingia kwenye mahindi usiku mmoja wanamaliza robo eka.

Nilifunga tochi kwenye mtutu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ile tunayofungia mizigo. Ilikaa imara kabisa, ukiitikisa haichezi. Nikapiga risasi moja hewani kuwatisha. Tochi haikuanguka. Ikabadilika yenyewe: kutoka mwanga mkali ikaenda mwanga hafifu, risasi ya pili ikaanza kumeta kama taa ya disko. Nikadhani swichi imekufa. Kumbe mrusho unazisukuma betri, springi inaachia kidogo, umeme unakatika kwa kufumba na kufumbua, na tochi inaelewa kwamba umebonyeza swichi.

Kwa hiyo ile ya dola 30 uijaribu kwa risasi halisi kabla hujaiamini. Na ikiwa ina mtindo wa kumetameta, achana nayo.

Kijana wa Makorora (Wichita, Kansas)

Samahani kwa kutoka kidogo nje ya mada. Mimi ni mwanafunzi, nina viza ya F-1, rafiki yangu anataka kuniuzia Mossberg yake yenye taa tayari. Naweza?

Mzaramo870 (Atlanta, Georgia)

Usiguse mdogo wangu, nakuomba sana. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye viza ya muda kumiliki silaha au hata risasi. Ipo misamaha michache, kama kuwa na leseni halali ya kuwinda, lakini hilo umuulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujagusa chochote, siyo rafiki wala sisi humu. Mwenye green card anaruhusiwa kama hana kizuizi kingine. Wewe nunua tochi ya mkononi na komeo zuri la mlango. Usije ukapoteza masomo kwa ajili ya bunduki ya mkono wa pili.

Nesi wa Zamu (Columbus, Ohio)

Asante kwa kulisema hilo waziwazi. Na Baba Nuru, umesema kasha. Linafungwa? Nauliza kwa sababu ya wale wa miaka 6 na 9.

Baba Nuru (Katy, Texas)

Linafungwa, dada, kwa namba, na namba tunaijua mimi na mke wangu tu. Hapa Texas ukiacha bunduki yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, akaipata, kesi ni yako mwenyewe. Lakini hata bila sheria nisingethubutu.

Nirudi na mrejesho, wiki tatu baadaye.

Tochi ya mkononi ilitangulia, siku ileile niliyosoma ujumbe wa Nesi. Kisha taa ndogo mbili za kuchomeka ukutani, zile zinazowaka zenyewe giza likiingia: moja pale kwenye kona ya korido, moja jikoni karibu na mlango wa gereji. Dola 14 zote mbili. Nasema ukweli wangu, hizo ndizo zilizobadilisha nyumba. Ukisimama mlangoni kwa chumba chetu unaona mpaka miguu ya meza.

Taa ya bunduki nimechukua TL-Racker. DSF nimeitamani kwa ile ngazi ya lumeni 200, ila ukijumlisha pau za Mossberg 500 na fundi ningepita dola 500, na siwezi. Fundi Mwaka alinielekeza kwa video, tukabadilisha pau mezani kwangu Jumamosi. Nimeipiga risasi 50 uwanjani, haikuzima wala kuyumba. Swichi ziko pande zote mbili, ndefu, kidole gumba kinazikuta bila kutafuta. Nimejaribu korido kwa bunduki tupu, koti nimelitundika kwenye kiti pale pale mpwa wangu aliposimama. Nikimulika usawa wa macho, kweli ukuta unanichoma. Nikishusha mtutu sakafuni, koti lote naliona, vifungo na mifuko, na mtutu hauko juu yake.

Lililobaki linanisumbua ni uzito. Mbele imekuwa nzito, mke wangu akiishika dakika mbili mkono unatetemeka. Kuna aliyefupisha kitako cha bunduki akapata nafuu?

Mpwa wangu naye siku hizi akiwa bado ndani ya gari anapiga simu, na akifungua mlango anaita, "Mjomba, ni mimi." Jana aliita kwa sauti kubwa mpaka Nuru akaamka, akaenda kumfungulia mwenyewe.

Fundi Mwaka (Mesquite, Texas)

Kitako kifupi kinasaidia sana, mkuu. Mossberg 500 wana cha watoto, kinaingia kwenye hiyo yako. Nitafute inbox nikupe vipimo. Na betri uandike tarehe uliyoziweka kwenye kipande cha utepe, ubandike ndani ya mlango wa kasha.